Mukono Urudi Mbiyo Kuliko Vile Ulienda

Beni, tarehe 12 Aprili 2024

Mama yangu Berthe,

Nakusalimia sana, wewe na Sagesse wangu. Nasalimia pia Papa Ananie, mwalimu wa kanisa, ambaye atakusomea hii barua. Papa Ananie, usome polepole, Mama hapendi batu ba haraka.

Nilifika muzuri. Convoi ilisimama mara mbili mu njia, mais hakuna kitu kilitokea. Ungekuwa na simu ningekupigia palepale ku parking. Lakini najua: tangu simu toka Mabalako ilileta habari ya kifo cha bwana yangu Zacharie, ulisema kile chombo hakitaingia tena mu nyumba yako. Sina neno. Hata mie, nikisikia moja inalia, natoka inje. Donc tuandikiane. Aruna, chauffeur wa Maître Bilali, anapanda Butembo kila wiki kuchukua kahawa. Atabeba barua zetu.

Niko kwa Maître, huyu mwalimu wa ngumi. Bibi yake Yasmine amenipa kitanda pamoja na binti zake. Ni batu ba msikiti. Wakienda kusali, na mie nasali Salamu Maria yangu, hakuna mutu ananisumbua.

Sikukuelezea muzuri vile alinipata. Tulikuwa ku depot tunachagua kahawa, mie na bale bamama bote, yeye anangojea gari lijae. Akasimama nyuma yangu muda murefu. Nikafikiri ni mwizi. Akasema: «We mama, mikono yako inatoa kahawa mbaya mbele macho haijaiona. Umesha piga mutu?» Bamama wakacheka kufa. Mama Lusenge akajibu pahali pangu: «Huyu? Hata kuku wa jirani anamuomba ruhusa mbele ya kumufukuza!»

Sasa huyo wa kuku anapiga ngumi. Tarehe 13 mwezi wa saba kutakuwa combat, shindano la ngumi la banamuke, hapa Beni. Kuna kituo kimoja kinatafuta mwanamuke wa kufundisha basichana kupiga, bajue kujilinda. Mwenye atashinda njo atapewa ile kazi, na chumba nyuma ya kituo. Chumba kina dirisha, Mama, nilikiona. Mu kichwa yangu nimesha weka kitanda ya Sagesse ndani. Na wewe, siku baridi ya Butembo itakuchokesha, kona ingine ni yako.

Maître anasema yeye hafundishe nguvu, anafundisha mbiyo. Siku ya kwanza nilifunga ngumi mpaka kucha ziliingia mu nyama. Akaniuliza: «Umebana nini humo ndani? Fungua. Mukono uende umelegea sawa kitambaa, ufunge wakati wa kugusa tu.» Na neno moja analirudilia mpaka batoto ba hapa wanalijua: «Mukono urudi mbiyo kuliko vile ulienda. Kwenda, kila mutu anajua. Mwenye kuchelewa kurudi njo anapigwa.»

Kitu kingine nakuambia wewe tu, Papa Ananie aangalie pembeni. Nikipiga mbiyo mbiyo, maziwa inatoka. Nilifikiri ilisha kauka tangu nilimuachisha. Nafunga kifua na kikwembe, inapita. Yasmine njo anafua.

Kikwembe yangu nyeusi ya matanga navaa kila siku. Ku mazoezi tu njo naitoa, na hapo nafunga kipande cheusi ku mukono, chini ya gant ya ngumi.

Sagesse analala akishika sikio ya mutu. Umupatie yako.

Ni mie mwana wako,
Kavuo, Mama Sagesse


Butembo, tarehe 24 Aprili 2024

Mama Sagesse,

Wabukire. Mukono unaoandika ni wa Ananie, kinywa ni changu. Amesema ataandika sawa vile nasema, haongeze, hapunguze. Basi aandike hii pia: kila akikuja kuandika barua anamaliza viazi ya nyumba. (Nimeandika. Ananie.)

Mutoto alilia siku tatu. Siku ya ine akakula buyi, akanyoosha bakuli aongezewe. Sikio nimemupa. Anavuta sana, mais la muzee ni refu tayari, halitaharibika.

Bamama ba kanisa waliniuliza: «Mukwe wako iko wapi?» Nikasema ameenda kujifunza kazi. «Kazi gani?» Nikasema wakuulize siku utarudi. Wapenda habari hao, mimi siwaogope.

Sasa sikiliza kitu cha nguvu. Mwaka wa Zacharie utatimia mwezi wa saba. Unajua vile tunafanya mu familia yetu. Mjane anakaa ku kirago, bashangazi wanamuvua kikwembe nyeusi, na muzee Syauswa, mudogo wa bwana yangu marehemu, anamuuliza mbele ya batu bote kama angali mutu wa nyumba hii. Anauliza mara tatu. Mjane anajibu yeye mwenyewe, hakuna mwingine wa kumujibia. Akijibu ndiyo, mutoto wake anabaki ku mikono yake. Asipojibu, mutoto anarudilia familia. Siku bado hawajaipanga. Nitakuambia.

Ukule muzuri. Mutu hapigi na tumbo bule.

Mama yako, Berthe


Beni, tarehe 9 Mei 2024

Mama,

Nimesoma barua yako mara sita. Nilipofika pa bakuli kunyooshwa nilicheka, nikalia, Yasmine akaniuliza: «Sasa tuchague gani?»

Usiogope juu ya matanga. Siku hiyo nitakuwa ku kirago. Hata kama njia imefungwa nitapita mu mashamba. Wanipe siku tu.

Mazoezi inaenda. Maître ananiweka mbele yake, anashika mbegu ya kahawa juu ya kichwa, anaiacha. Napaswa kuidaka na ngumi, na ngumi iwe imesharudi ku kidevu mbele hajahesabu moja. Mwanzo nilidaka mbili juu ya kumi. Sasa nadaka saba. Anasema: «Usiinue bega! Bega likiinuka linamuambia adui kwamba ngumi iko njiani. Wewe unapiga hodi!» Basichana ba hapa sasa wananiita Mama Hodi.

Lakini saba haitoshe. Kuna musichana mumoja anaitwa Kadogo, mutoto wa hapa Beni, yeye anadaka tisa. Na yeye njo nitapigana naye.

Donc nimejitafutia njia yangu, Maître hajui. Nakumbuka vile tulikuwa tunatoka ku shamba, kitunga ku mugongo, kamba ku paji la uso, tunapanda mulima mpaka shingo inalia. Halafu ukitua muzigo ku mulango, mwili unaruka wenyewe, unatembea sawa ndege. Unakumbuka tulikuwa tunacheka? Nikajiuliza: na mukono je? Sasa asubui mapema, Yasmine akienda soko, nachukua pasi yake ya makala, ile ya chuma kizito, nashika ku mukono wa kuume, napiga nayo hewa mara mia. Nikiiweka chini, mukono unaruka! Jana nilidaka nane. Maître alisema: «Mama Hodi, umekula nini?» Nikadaka ingine.

Bega linauma kidogo, sawa vile shingo ilikuwa inauma siku za kwanza za kitunga. Itazoea.

Musugulie Sagesse mafuta ku kifua, baridi ya mwezi wa tano ni mbaya.

Kavuo, Mama Sagesse


Butembo, tarehe 28 Mei 2024

Mama Sagesse,

Tuko wazima. Kifua ya mutoto ni muzuri. Anasema «kahawa» sasa. Sijui nani alimufundisha. Anaokota kila kitu chini, anaweka upande.

Nakuambia ukweli ili usiusikie ku bengine. Muzee Syauswa alikuja toka Kirumba. Kuna kijana alimuonyesha mu telefone photo yako, umevaa culotte fupi, ngumi mbele ya uso. Alikaa ku kiti changu, hakunywa hata chai. Akasema: «Mama Berthe, huyu ni mjane wetu ao ni askari?» Nikamujibu: «Ni mama ya mujukuu wako, anatafuta pa kulala.» Akasema matanga haijaisha na mapaja iko inje. Nikamuambia mapaja yake mwenyewe niliyaona tangu akiwa mudogo, nilimuogesha mie. Mais hakucheka.

Alikuja na Adèle, binti yangu, shangazi ya mutoto. Unamujua, miaka kumi na mbili ya ndoa na hakuna mutoto. Alimubeba Sagesse tangu kufika mpaka kwenda. Alimushonea robe ya manjano. Ni mutu muzuri Adèle, mais macho yake yalinipa woga.

Wewe piga tu. Uache ya huku kwangu.

Bega lako, ulisema linauma. Usugue na maji ya moto na chumvi.

Mama yako, Berthe


Beni, tarehe 17 Juni 2024

Mama,

Usishangae maandiko. Mie Kavuo njo nasema, Yasmine anaandika. Mikono yangu iko imefungwa bandage ya mazoezi asubui mpaka mangaribi, kalamu inateleza.

Bega limepona kabisa. Usiwaze.

Maître ameongeza kazi. Kuruka corde nusu saa, kiisha napiga nikitoa pumzi kwa kila ngumi, «ss, ss, ss», sawa mutu anafukuza inzi. Amefunga kipande cha gazeti ku kamba, natakiwa kukigusa kisiende mbali, kilie tu, «paa», mukono umesha rudi. Wa kushoto unafanya muzuri sana. Maître anasema mukono wangu wa kushoto sasa unashinda ya basichana bote.

Wiki ine zimebaki. Ku chumba nilienda tena kuangalia. Kuna misumari mbili ku ukuta, moja ya kikwembe yako, moja ya robe ya manjano.

Mama, mbona hunipe siku ya matanga? Mwezi wa saba ni kesho. Niambie hata kama ni siku moja mbele ya combat. Maître ataniachia, nitapanda na Aruna.

Mwambie Sagesse mama yake anadaka kahawa.

Kavuo, Mama Sagesse


Butembo, tarehe 26 Juni 2024

Kwa Maître Bilali, Beni

Maître,

Mie Berthe, mama mukwe wa Kavuo. Nimemuapisha Ananie asitoe hii neno. Nakuomba na wewe.

Familia imepanga matanga. Ni juma mosi tarehe 13 Julai. Ndiyo, umeona muzuri: ile ile siku ya combat. Niliwaomba wasogeze, nilipiga magoti, na magoti yangu si ya kupigwa tena. Syauswa alisema misa imesha andikwa, camion ya batu ba Kirumba imesha patikana, mutu aliyekufa hangojei ngumi.

Nikimuambia Kavuo, atakuja. Namujua. Ataacha kila kitu, atakuja kukaa ku kirago, na ile kazi na chumba vitaenda kwa mwingine. Kiisha nini? Mie nina miaka sabini na kitu. Nikifa, Sagesse atalala wapi? Mu depot ya kahawa, ku magunia?

Donc nimekata shauri. Yeye apigane. Mie nitakaa karibu na kirago, Syauswa akiuliza nitajibu pahali pake. Najua si desturi. Mais huyo Syauswa nilimulea tangu mutoto, alikula ku mikono hii miaka mingi, hatanikatalia mbele ya batu.

Usimuambie siku. Akishinda, umuambie, na umulete na gari yako mbiyo. Nitakushukuru mpaka kaburi. Wasingya.

Berthe


Beni, le 1 Juillet 2024

Mama Berthe, mama yetu mukubwa,

Barua yako niliipata ku mikono ya Aruna, hakuna mwingine aliisoma.

Mimi ni mutu wa barabara na wa ngumi, mambo ya familia sipendi kuingia. Kumuficha mwanamuke siku ya matanga ya bwana yake ni kitu kizito. Nililala nacho siku mbili. Lakini wewe ni mama, umesema, nitanyamaza. Mungu atuangalie.

Neno moja tu. Huyu binti ana mbiyo sijaona, na ni miaka kumi na tisa nafundisha. Lakini siku hizi mukono wake wa kuume unalala. Unaenda vizuri, kurudi unavuta. Nilimuuliza, akasema ni baridi ya asubui. Beni hapa hakuna baridi, Mama. Nikamuuliza tena, akacheka. Pengine ni kuchoka. Ningependa kumupumzisha, lakini nikimutoa kwa combat hii hakuna ingine mwaka huu.

Kama anakuandikia kitu ambacho hanielezi, unijulishe.

Inshallah itakuwa kheri.

Bilali


Butembo, tarehe 5 Julai 2024

Mama Sagesse,

Familia bado haijapanga siku. Wanasema pengine mwisho wa mwezi, juu ya mavuno. Usiulize tena, siku ikijulikana utaijua.

Wewe uangalie combat tu. Bega lako limepona kweli?

Sagesse anakusalimia. Nimemuuliza mama iko wapi, akanyoosha mukono upande wa barabara.

Mama yako, Berthe

(Aruna anaenda sasa hivi, siwezi kuongeza. Ananie.)


Beni, tarehe 15 Julai 2024

Mama,

Nimeshindwa.

Naandika na mukono wa kushoto, njo maana herufi zinaanguka. Sasa nikuambie yote, juu hakuna tena kitu cha kulinda.

Bega halikupona. Tangu mwanzo wa mwezi wa sita lilikuwa limeharibika. Asubui moja nilipiga na ile pasi, nikasikia kitu ndani kimetoa sauti, sawa kamba ya kitunga ikikatika. Toka siku ile sikuweza kuinua hata sufuria ya Yasmine. Ile barua aliniandikia yeye, sababu haikuwa bandage, ilikuwa bega. Nilimukataza kusema. Nilifikiri: nikimuambia Maître atanitoa. Nikimuambia Mama ataniita nyumbani. Na chumba kile nilisha kiona na dirisha yake.

Round ya kwanza nilitumia kushoto tu. Batu walipiga kelele, «Mama Hodi! Mama Hodi!» Kadogo alikuwa anaangukia ku kamba. Nikafikiri, Mungu, itawezekana. Round ya pili aliacha uso wazi, upande wa kuume. Mukono wangu ukaenda wenyewe. Ukamugusa muzuri. Mais haukurudi, Mama. Ulibaki pale hewani, nauona sawa mukono wa mutu mwingine. Yeye hakungojea.

Maître aliniketisha chini, akagusa bega, akauliza: «Tangu lini?» Nikamuambia. Nilingoja anigombeze. Alishika kichwa na mikono mbili, akakaa chini ku saruji na kanzu yake nyeupe, akasema «ya Allah, ya Allah», kana kwamba yeye njo alipigwa. Sijamuelewa. Tangu siku ile haniangalie mu macho. Ananiambia tu: «Upande Butembo, mama. Upande upesi.» Infirmier wa hospitali amesema nipumzike siku tatu mbele ya kushika barabara. Nitapanda na Aruna ijumaa.

Nimelia, sasa nimemaliza. Kazi imepotea, mais si kila kitu. Niko na kushoto, niko na macho, bamama ba depot watanirudisha. Na afadhali nitafika mbele ya matanga. Nitakaa ku kirago, nitajibu ndiyo mara tatu, hata mara mia, na Sagesse ataniona nikivuliwa nyeusi. Umushonee kitu cha kuvaa siku hiyo. Ao avae ile ya manjano.

Mama, nisamehe kwa kukuficha.

Kavuo, Mama Sagesse


Butembo, tarehe 17 Julai 2024

Mwanangu,

Aruna anangojea ku mulango, gari linanguruma. Nataka hii ikukute mbele hujapanda, usiyasikie mu njia.

Matanga ilifanyika. Ilikuwa juma mosi, tarehe 13. Nilijua siku tangu mwezi wa sita. Nilikuficha, na nilimuomba Maître akufiche, ili upigane, upate chumba.

Kirago kilikaa bule katikati ya batu. Syauswa aliita jina lako. Nilisimama, nikasema najibu pahali pake. Akasema: «Mama Berthe, kaa. Hatukuulize wewe.» Akaita ya pili. Nikalia, nikasema ni mie nilimuficha, yeye hana kosa. Bamoja wakasema mama muzee anamulinda mukwe wake, anadanganya. Hata nikisema ukweli hawakuusikia. Akaita ya tatu. Mutoto peke yake njo alijibu, alisema «kahawa», batu wakacheka, Adèle akamubeba.

Wamemupa Adèle. Wamekwenda naye Kirumba jumapili, mu camion ya viazi. Hakulia. Alifikiri tunatembea.

Ungeniambia bega limekatika, mwanangu. Ningekuita palepale. Na mie ningekuambia siku. Tulikuwa tunapendana sana, tukafichana.



Berthe

(Kavuo, mie Ananie niliandika «familia bado haijapanga siku» na kalamu hii hii, na nilijua. Kila jumapili nafundisha batu amri za Mungu. Unisamehe kama unaweza. Viazi sikukula leo.)


Kirumba, tarehe 2 Agosti 2024

Wifi yangu Kavuo,

Salamu nyingi. Nimeambiwa ulikaa siku tano mbele ya mulango wa baba mudogo Syauswa, hapa hapa Kirumba, na hakufungua. Mimi nilikuwa ndani, pazia limefungwa. Uliponiita jina, nilisikia. Sikutoka. Naandika kwa sababu sikutoka.

Usifikiri nilikunyang'anya. Sikuomba mutoto, walimuweka ku mikono yangu. Lakini sitakudanganya: walipomuweka, nilifunga mikono.

Ana afya. Ameota jino ingine. Akilala anashika sikio langu. Sikujua hiyo tabia, nilifikiri ameianza na mimi, nikafurahi sana, mpaka Mama aliniandikia kwamba ni yako.

Wiki hii ameanza kuniita mama. Sikumufundisha, naapa. Batoto ba jirani wanasema hivyo, naye anafuata.

Nimeongea na baba mudogo. Nimelia mbele yake, na bwana yangu pia ameongea. Amekubali kitu kimoja, ni kidogo, nakuomba usikitupe. Unaweza kukuja kukaa Kirumba, karibu na sisi. Lakini unakuja kama mugeni. Mutoto atakuita tantine, sawa shangazi tu. Hautamuita mwanangu mbele ya batu, hautamubeba mu mugongo barabarani, mpaka akue na aulize mwenyewe. Ukikosa hata siku moja, wanampeleka kwingine ambako hata mimi sijui.

Najua naomba kitu gani. Kama ningekuwa wewe, sijui ningejibu nini.

Kuna depot ya maharagi hapa, wanatafuta bamama ba kuchagua.

Adèle


Butembo, tarehe 10 Agosti 2024

Tantine Adèle,

Nimepata barua yako. Nilikaa nayo wiki nzima, naichukua, naiweka.

Zile siku za mulango nilijua uko ndani. Niliona robe ya manjano ku kamba.

Nakuja. Alhamisi, na gari la kwanza la Kirumba. Nakuja na kikapu kimoja, na kikwembe yangu nyeusi, juu hakuna mutu aliyenivua, na mimi mwenyewe sijui ni ruhusa kuitoa. Utaniambia. Pengine wewe, sababu ni dada ya Zacharie, siku moja utanitolea, hata mu jikoni, bila batu.

Mama Berthe hana kosa, muzee Syauswa aache kumugombeza. Anakula kidogo sana sasa. Sikio lake lina alama ya kucha, anaigusa akiongea. Mwezi ukiisha, nataka kumupandisha naye Kirumba, kama mugeni pia. Bageni mbili hawatakujazia nyumba.

Ku depot ya maharagi wataniona ni kilema, mais uwaambie wanipime na mukono moja. Hawatajuta.

Na yale masharti, nimekubali. Ataniita tantine. Nimesha jaribu kujiita hivyo mbele ya Mama, mara ya kwanza sauti haikutoka, mara ya tatu ilitoka. Nina miaka ishirini na mbili tu, Adèle, niko na wakati. Batoto wanauliza mbiyo. Siku ataniangalia na kuuliza, nitakuwa pale pale, sitakuwa Beni.

Kitu kimoja nakuahidi ili usiwe na woga. Akianguka ku ngazi yako, ao akienda karibu ya moto, mukono wangu wa kushoto utafika wa kwanza. Huwezi kuuzuia, ni mukono wa mazoezi, hauombe ruhusa. Utamudaka, hatagusa chini. Lakini usiogope batu. Mbele hawajageuza macho, mbele yeye mwenyewe hajajua ni nani, utakuwa umesha rudi ku kifua changu.

Hiyo njo Maître alinifundisha miezi yote mitatu, kurudi. Nilifikiri ni ya kupiga mutu.

Kavuo